Barua ya Wazi kwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi: Saa Moja Kabla ya Treni Kuondoka Miritini

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa heshima kuhusu ile saa moja, na pengine zaidi, ambayo abiria wa treni ya Mombasa kwenda Nairobi huipitisha katika stesheni ya Miritini kabla ya kuketi kwenye behewa. Tangu treni ya reli ya kisasa, yaani SGR, ianze kubeba abiria mwaka wa 2017, imetufaa sana sisi watu wa Pwani. Ninaloliombea sikio lako ni namna wazee, wagonjwa na kina mama wenye watoto wachanga wanavyoifikia.

Stesheni ya zamani ilikuwa mjini, na mtu wa Majengo aliweza kuiendea kwa miguu. Leo mkazi wa Kisauni huvuka daraja la Nyali, akakatiza kisiwa, akapita Makupa na kuingia Changamwe, njia ya malori ya bandarini. Anayetakiwa kufika mapema hulazimika kutoka nyumbani mapema zaidi, na mzee hushuka Miritini akiwa amekwisha kuchoka.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Mzigo huteremshwa garini, hulazwa chini kwa mstari pamoja na mizigo ya wengine ili mbwa wa ukaguzi apite akiunusa, wenyewe wakiwa wamesimama kando. Kisha huinuliwa, hubebwa hadi kwenye mashine, hupandishwa juu ya ukanda wake na kushushwa upande wa pili. Kwa kijana ni jambo dogo. Kwa bibi wa miaka sabini anayekwenda Nairobi kutibiwa nyonga, kila kuinama ni adhabu, na anayemsaidia huwa ni abiria mwenzake mwenye mzigo wake mwenyewe. Sipingi ukaguzi, ubaki, tena ubaki mkali. Naomba tu watu hawa watengewe mstari wao wenye viti na kivuli, na wawepo wahudumu ambao kazi yao ni kuwainulia mizigo bila kungoja kuombwa wala kulipwa.

Liko jambo ambalo wengi huku huona haya kulisema mbele ya askari. Waislamu wa Pwani, ambao wengi wao ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi ya kuoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mama aliyeweka msahafu na mswala kwenye mkoba wa kitambaa hana amani pua ya mbwa inapoukaribia, na hapo alipo hana pa kuufulia. Mkoba mdogo kama huo ungeweza kufunguliwa na kukaguliwa kwa mkono, na usalama usipungue hata kidogo.

Tiketi nazo hununuliwa na mjukuu aliye Nairobi, na ujumbe wa malipo ukabaki kwenye simu yake huko. Dawati moja lenye mtu wa kumsikiliza mzee na kumtafutia tiketi kwa kitambulisho chake lingetosha.

Mwisho naomba maelezo ya hatua zote hizi yatolewe kwa Kiswahili kizuri, kwenye redio zetu za Pwani na kwa sauti pale pale stesheni, kabla mtu hajaanza kupanga foleni: abebe kitambulisho gani, na kwamba hata kisu cha kumenyea maembe hakiruhusiwi. Iwapo haya hayawezekani yote kwa pamoja, naomba yaanze na treni ya usiku, kwa kuwa ndiyo inayotegemewa na mgonjwa mwenye miadi ya hospitali asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mkazi wa Mombasa