Mawe ya mipaka ya mkoloni hayajasogea

Ndugu Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi bila kuwaandikia, lakini ile taarifa yenu kwamba ubaguzi wa rangi ulikwisha siku ya Uhuru siwezi kuinyamazia. Aliyeiandika hakufika Arumeru, huku kwetu mkoani Arusha.

Tangu enzi za Wajerumani, ardhi nzuri ya chini ya Mlima Meru waligawiwa Makaburu na walowezi wengine. Juu kukawa na msitu wa hifadhi, chini mashamba makubwa, Wameru na Waarusha wakabanwa katikati. Novemba 1951 Waingereza wakawahamisha kwa nguvu watu wapatao 3,000 kutoka Ngarenanyuki, nyumba zikachomwa moto, ili yapatikane mashamba 13 ya Wazungu. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, akalifikisha shauri hilo Umoja wa Mataifa, Wameru wakiwa wamechangishana fedha. Ngarenanyuki walirudi, lakini mashamba mengine mengi hayakurudi kwa wenyewe. Mwaka 1963 hati za kudumu za walowezi ziligeuzwa kuwa ukodishaji wa serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 zikageuzwa tena kuwa haki ya kumiliki ardhi. Karatasi imebadilika mara mbili, mawe ya mipaka yako palepale! Shamba lililopimwa kwa ajili ya mtu mmoja kwa sababu ya rangi yake limepita kwa shirika, kisha kwa kampuni, likiwa zima, huku kijiji jirani kikigawana vipande visivyotosha hata migomba. Masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yanang'olewa usiku, Mmeru anamlaumu Mwarusha, wote wawili wanamlaumu mhamiaji. Umoja wa taifa unaumia hapo, kwa watu wanaogombania mabaki wasijue nani aliyemega kwanza.

Mjini Arusha ni hivyo hivyo. Uzunguni, walikokaa Wazungu, viwanja ni vipana na barabara zinapitika. Nenda mtaa wa Unga Limited uone gari la kunyonya majitaka likikwama njiani kwa sababu mpira wake haufiki chooni. Masika ikianza, choo kinamwagikia mtaroni.

Na hizi hoteli za kitalii! Juzi kwenye geti la hoteli moja hapa mjini, mama wa makamo mwenye kadi ya mwaliko mkononi alizuiwa aeleze anamfuata nani, huku vijana wawili wa Kizungu wenye kandambili wakipita bila kuulizwa hata jina. Mlinzi ni Mtanzania kama yule mama.

Napendekeza kila ofisi ya mtendaji wa kata Arumeru itundike ramani mbili ukutani, moja ya mashamba ya walowezi kabla ya Uhuru na nyingine ya wamiliki wa leo, zenye vipimo sawa ili mtu alinganishe mstari kwa mstari. Waanze na Leguruki, King'ori na Maji ya Chai, na zisomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, wazee wakiwapo. Nanyi mzichapishe kurasa mbili za katikati, mahali mnapoweka picha za timu za mpira.

Msomaji wenu,
Usa River