Mota ya sumaku haiwezi kujiendesha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaeleze vijana wanaopanga sumaku za kudumu kuzunguka gurudumu, wakitarajia mota itakayojiendesha bila umeme wala mafuta, kwamba udadisi wao ni wa thamani kubwa ila tumaini lenyewe halina msingi. Wazo hili ni la kale: msomi wa zama za kati, Petrus Peregrinus, alieleza gurudumu la namna hiyo mwaka 1269, na mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris ilitangaza kwamba haitachunguza tena mashine za mwendo usiokoma.

Sumaku ya kwenye gurudumu huvutwa kwa kasi kuelekea ile iliyofungwa kwenye fremu, na hapo ndipo matumaini hupanda. Lakini ikishafika, nguvu ile ile iliyoivuta huizuia kutoka, gurudumu likayumba mbele na nyuma, kisha likatulia. Ukibadilisha pembe au ukaweka kipande cha chuma kama kinga, unahamisha tu mahali pa kukwama, kwa sababu katika mzunguko mmoja kamili jumla ya kazi inayofanywa na sumaku hizo ni sifuri, huku msuguano ukiendelea kula mwendo.

Nawasihi wapime nguvu kwa mizani ya springi katika kila pembe na kuchora grafu, kisha wafunge koili, yaani waya uliozungushwa mara nyingi, mahali pa sumaku za fremu na kuzipa umeme kwa wakati unaofaa. Hapo watapata mota halisi. Wajihadhari pia na sumaku za neodimiamu, ambazo zina nguvu sana, maana hugongana ghafla, zikabana vidole na kurusha vipande machoni.

Wako,
Msomaji