Kabla ya blokicheni, pelekeni mizani shambani

Mhariri,

Majuzi alfajiri, tukishusha viazi hapa Marikiti, vijana wawili walitupitia na programu ya simu wanayotaka wakulima na wachuuzi tuitumie. Ni ya kuandikia mauzo, na inaendeshwa kwa blokicheni, yaani daftari la kidijitali la pamoja. Nimeuza viazi miaka 14 na niliwasikiliza kwa makini, maana wazo lenyewe ni zuri. Daftari halishikwi na mtu mmoja. Nakala zake zimo katika kompyuta nyingi, na kilichoandikwa hakifutiki kimyakimya. Sisi tuliogatua serikali 2013 hatuhitaji kuelezwa sana: hapa kilichogatuliwa ni daftari. Broka hawezi kukubali bei leo, kesho akaikana.

Hata bima ya mazao kwa blokicheni imeshajaribiwa humu nchini na kampuni za ACRE Africa na Etherisc. Takwimu za hali ya hewa zikionyesha ukame, mkataba unajitekeleza wenyewe na fidia inaingia kwenye simu ya mkulima, bila kungoja mtu aje kukagua shamba.

Ila niliwauliza vijana wale swali moja na sikupata jibu: uzito anaandika nani?

Gunia la viazi kutoka Kinangop hujazwa hadi mdomoni, kisha likashonewa wavu juu, na viazi vikaendelea kupangwa mpaka gunia likavaa kilemba. Tunaliita mukurino. Kanuni za viazi za 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Mwezi wa tatu nilichukua moja katika mzigo wangu nikalipandisha kwenye mizani ya jirani: kilo 112. Mama aliyelilima alilipwa kwa gunia, si kwa kilo, na katika kidaftari cha broka aliandikiwa "gunia 1". Ziada yote tuligawana mimi na broka, na nasema wazi kwamba haikuwa haki yetu.

Sasa chukua hilo "gunia 1" uliingize kwenye blokicheni. Litadumu, litanakiliwa kila mahali, na hakuna atakayeweza kulirekebisha. Dhuluma ile ile itakuwa imegongwa muhuri.

Ndiyo maana naomba wanaotengeneza programu hizi, na serikali za kaunti zinazotutoza ushuru wa mazao barabarani, waanzie kwenye mizani. Iwe ya kidijitali, iwekwe pale viazi vinapokusanywa, itume kilo moja kwa moja bila mkono wa mtu kupita katikati. Mkulima apate ujumbe papo hapo, kwa Kiswahili, kwenye kabambe yake, ile simu ndogo ya kawaida, kabla lori halijawasha injini. Programu niliyoonyeshwa inataka simu ya kisasa na bando. Wengi wanaonilimia ni kina mama wa makamo ambao hawana hivyo viwili.

Jambo jingine ni ufunguo wa siri, yaani namba ndefu ya siri inayofungulia akaunti yako. PIN ya M-Pesa ikikupotea, unapiga simu unahudumiwa. Kwenye nyingi ya programu hizi, ufunguo ukipotea hakuna ofisi ya kukurudishia, na kilicho chako kimekwenda nao. Mkulima aelezwe hilo kabla hajajisajili.

Vijana wale walisema watarudi. Wakija, nitawaomba tupande lori pamoja hadi Kinangop siku ya kuchimba, na wabebe mizani.

Mchuuzi wa viazi,
Marikiti, Nairobi