Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: moto ndo ulikuwa kazi ndogo

Ndugu wanachama wa zimamoto yetu ya kujitolea, habari zenu. Hesabu za pesa atazisoma mweka hazina mwenyewe, mimi niacheni niongelee kazi, maana ukifungua daftari la kituo la mwaka huu unaweza kudhani umekosea mlango, zimamoto gani hii ambayo moto wenyewe hauonekani sana.

Simu nyingi zilikuwa ajali za barabarani, mtu kaanguka hapumui, mti umelala njiani, maji yameingia ndani, mtoto kajifungia chumbani, harufu ya gesi, na zile kengele za moshi zinazolia bure. Najua mnazilalamikia hizo za bure na mimi kutolewa kitandani usiku wa manane kwenye mvua sifurahii, ila huwezi kujua ni ya bure mpaka ufike, kwa hiyo tutaendelea kwenda.

Kwa mtu aliyesimama moyo sisi mara nyingine tunafika kabla ya gari la wagonjwa, na ubongo bila hewa unaanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, ndo maana nawasumbua na mafunzo ya kukandamiza kifua: mara 100 mpaka 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hivi, na msiogope kuchoka, mnapokezana. Kwenye ajali za magari zingatieni haya ya umeme, waya za rangi ya chungwa msizikate wala kuzigusa, na betri yake ikishaungua inaweza kuwaka tena hata baada ya siku kadhaa, usimwambie mwenye gari aliingize gereji.

Sasa nije kwenye ile nyumba, maana minong'ono nimeisikia. Ni kweli tulienda mara mbili. Mara ya kwanza moto ulizimika, moshi ukaisha, watu wamechoka na asubuhi wana kazi zao, tukapitisha kamera ya joto darini ikaonyesha kumepoa, tukakunja mipira tukaondoka. Alfajiri simu, nyumba ileile, na safari hii paa lote. Kosa lenyewe ni kwamba kamera ile haioni kinachoendelea nyuma ya ubao, inasoma joto la juu tu, na sisi hapo juu tulikuwa tumetoka kupamwagia maji, lazima paonekane baridi! Kiongozi wa tukio siku ile nilikuwa mimi, msimlaumu kijana aliyeshika kamera. Kuanzia hapo hakuna kukunja mpira mpaka dari imefunuliwa, ukuta umeguswa kwa mgongo wa mkono, magodoro yametolewa nje, na watu wawili wanabaki wanaangalia. Mwenye nyumba nilienda kumwona mwenyewe, alinisikiliza, sitasema zaidi ya hapo.

Mchana hatuna watu. Wengi mnafanya kazi mbali, basi gari linatoka na wawili, na utaratibu wetu wa kuingia ndani ya nyumba inayoungua unataka wawili ndani na wawili nje tayari kuwafuata, maana yake hao wawili watamwagia maji kutokea nje tu huku majirani wanapiga kelele "mbona mmesimama". Halafu kuna maji, tangi la lita 2,000 ukifungua mpira unaotoa lita 400 kwa dakika una dakika 5 kwisha habari, lazima mtu mwingine awe anahangaika na haidranti, lile bomba la maji la zimamoto la barabarani. Kwa hiyo natafuta wastaafu na wanaoshinda hapahapa, wa kuendesha gari, wa pampu, wa redio, hakuna atakayewavalisha mtungi wa hewa. Na nyie mnaovaa mtungi, ule umeandikwa nusu saa lakini ukiwa unapanda ngazi unahema kama ng'ombe hauishi nusu saa, filimbi yake ya kuonya hewa inaisha inatakiwa ikukute uko nje tayari, siyo ndo uanze kutafuta mlango.

Ziara za majumbani zilikwenda vizuri, hilo nalisema kwa furaha. Watu wengi hawakujua kengele ya moshi inabadilishwa ikifika miaka 10 hata kama bado inalia. Onyesho la kikaango cha mafuta yanayowaka ndo lilivuta watu, kikombe cha maji tu na moto unaruka juu, kwa sababu maji yakigeuka mvuke yanapanuka karibu mara 1,700 na yanarusha mafuta yote nje. Dawa ni kufunika na kuzima jiko, basi.

La mwisho, masizi. Wapo wanaona koti jeusi ni sifa, yaani uzoefu unaonekana. Mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliiweka kazi ya kuzima moto kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani bila ubishi, na hayo masizi ni sehemu ya sababu. Koti chafu halipandi tena gari la kituo wala haliendi nyumbani kwenye watoto, linaoshwa hapa. Mashine ya kufulia ipo, sabuni ipo, na aliyeondoka na funguo ya kile chumba airudishe leo kabla hatujatawanyika.