Mizani ya Wordsworth na ya kwetu

Mhariri,

Nina ombi kwa walimu wa Kiingereza na wa Kiswahili: wakae pamoja, japo kipindi kimoja.

Mjukuu wangu yuko kidato cha tano, mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza). Juzi usiku, barazani kwetu Ngamiani, nilimkuta anakariri maelezo ya shairi la William Wordsworth kuhusu maua ya daffodili. Daftari limejaa istilahi za arudhi (kanuni za utunzi wa mashairi) ya Kizungu, wala hakuna hata moja anayoweza kuieleza. Alipomwambia mwalimu kuwa amehesabu mizani, yaani silabi za kila mshororo, alijibiwa kwamba mizani ni ya mashairi ya Kiswahili.

Nikamwambia, hebu hesabu tena, mama. “I wandered lonely as a cloud.” Mizani nane! Ni kipande kilekile cha utenzi. Ila Mwingereza hahesabu tu, anapima na uzito: nyepesi, nzito, nyepesi, nzito, mara nne. Mkazo wetu sisi umeshajikalia kwenye silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, hatuuhangaikii. Nilimgongea mdundo ule mezani kwa kidole, akaushika.

Mshororo wa sita ukamkwaza: “Fluttering and dancing in the breeze.” Kapata tisa. Mhariri, utamu wote umo humo! Neno la kwanza lina silabi tatu, mshairi analitaka kwa mbili. Hiyo ni inkisari, kufupisha neno ili mizani itimie, na hakuna mtunzi wa Tanga asiyeijua. Tena mshororo unaanza na silabi nzito, mdundo ukayumba palepale maua yanapoyumba. Na hakuteleza. Shairi lilipotoka mwaka 1807 mshororo huo ulikuwa “Ten thousand dancing in the breeze”, mizani nane safi kabisa. Mwaka 1815 akauondoa, akaweka huu unaopepesuka. Binti alinyamaza, kisha akausoma kwa sauti mara tatu.

Vina havikumsumbua: ababcc, mishororo sita, yaani tasdisa. Tashbihi (kufananisha) na tashihisi (kuvipa vitu sifa za watu) alizitambua mwenyewe, akaongeza neno ambalo halimo daftarini: mtu kafanywa wingu, maua yakafanywa watu wanaocheza ngoma.

Mtoto huyu vifaa anavyo. Anaambiwa aviache mlangoni kila kipindi cha Kiingereza kinapoanza. Na mwalimu wake wa Kiswahili ni mtunzi hodari, meza yake imepakana na ya mwenzake wa Kiingereza.

Mwalimu mstaafu,
Ngamiani, Tanga