Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Masimulizi ya Kazi za Wanawake wa Mombasa

Waheshimiwa wanachama,

Mwaka huu tulirekodi masimulizi ya akina mama wa Mji wa Kale, Majengo na Likoni kuhusu jinsi walivyotafuta riziki, nami sina budi kuanza na kosa letu. Dodoso tulilolipitisha lilianza kwa swali, "Ulifanya kazi gani?", na karibu kila mama alijibu kwamba hakufanya kazi, alikaa nyumbani tu. Bibi mmoja wa Kibokoni alitujibu vivyo hivyo huku kofia ya vito, yaani ya vitundu vya nakshi, i mapajani mwake, akizungushia uzi kitundu kimoja baada ya kingine, wala vidole havikutulia alipokuwa akisema. Tulipomuuliza ada ya shule ya wanawe ilitoka wapi, ndipo alipoeleza kwa kirefu ni nani aliyechora nakshi, nani alishona ukanda wa pembeni na nani duara la juu, na jinsi mwenye duka alivyokata bei bila kumwona mshonaji, kwa kuwa aliyetumwa na kofia alikuwa mtoto. Tangu siku hiyo tunaanza na swali la pesa, na wapika mahamri na wasusi wa mikeka nao wamefunguka.

Kazi hii haikuanza kwetu. Mwanahistoria Margaret Strobel alirekodi wanawake wa mji huu katika miaka ya 1970, na mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza wakachapisha masimulizi ya watatu kati yao. Hata hivyo, anayetafuta habari za kazi Mombasa bado atapata nyingi za bandari na mgomo mkuu wa Januari 1947, na chache mno za waliowapikia makuli.

Katika unukuzi, kijana wetu mmoja, kwa nia njema, aligeuza "mato" yakawa "macho" na "ndia" ikawa "njia". Kamati iliagiza nakala zote zirudiwe ili Kimvita, lahaja ya Mombasa, kibaki kama kilivyosemwa, na ndiyo sababu nakala za Likoni hazijakamilika.

Kwa kufuata Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, kila msimulizi husikilizishwa sauti yake kabla ya kutoa idhini. Mama mmoja aliomba tuondoe habari za madeni ya marehemu mumewe. Tuliziondoa, ingawa kwangu mimi hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu bora ya masimulizi yake.

Hesabu za fedha atazisoma mweka hazina. Lililobaki ni feni: wakati wa joto la kaskazi hatuwezi kumwomba mtu mzima aizime, na ikiwaka hatusikii lolote. Tunapendekeza mahojiano yajayo yafanywe msimu wa kusi, baada ya sala ya alasiri, na mwanachama mwenye chumba kilicho mbali na barabara tunamwomba amjulishe katibu.