Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uchaguzi wa Trekta ya Kufungia Marobota Madogo ya Hei

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati ya utendaji ninawasilisha kwenu taarifa ya mwaka. Habari za ada, mikutano na matengenezo ya kawaida mmekwisha kuzipata katika makabrasha mliyogawiwa, na kwa kuwa huko hakuna lililoharibika, sitazirudia. Taarifa yangu ya mwaka huu inahusu jambo moja lililokula muda wetu kuliko mengine yote, nalo ni kuchagua trekta ya kuvuta na kuendesha mashine ya kufungia marobota madogo ya hei, yaani majani makavu ya mifugo, ili ichukue nafasi ya ile kongwe tuliyoitumia tangu chama kianze.

Wengi wenu mlikuwapo siku ile ya mavuno ambapo kazi ilisimama mara tatu kabla ya adhuhuri. Wapo waliosema kwamba mashine ya kufungia imechoka na ibadilishwe. Kamati iliikagua kuanzia meno ya kuokotea hadi vifaa vya kupiga fundo, ikakuta kwamba ni nzima, na kwamba ugonjwa ulikuwa mbele yake, kwenye trekta. Trekta yetu ya zamani ina PTO, yaani shafti ya nyuma inayopeleka nguvu ya injini kwenye mashine, inayopitia kwenye giaboksi: dereva akikanyaga klachi, magurudumu na shafti ya PTO vinaachana na injini kwa pamoja, lakini vyenyewe vinabaki vimeshikamana. Basi dereva anapokutana na rundo katika safu ya majani yaliyokatwa na kukanyaga klachi ili asimame, flaiwili ya mashine, yaani gurudumu zito la kutunza mzunguko, ambayo bado inazunguka kwa kasi, inairudishia giaboksi nguvu kupitia shafti, na trekta inasukumwa mbele wakati ambapo ilipaswa kutulia. Siku hiyo mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kiti. Nilikuwa nimeikandamiza klachi hadi mwisho, na bado magurudumu ya nyuma yalijongea karibu hatua mbili, rundo lote likaingia mdomoni mwa mashine kwa mkupuo mmoja. Boliti ya usalama ya flaiwili ikakatika, kama ilivyoundwa ikatike, tukazima injini na kuanza kuchomoa majani kwa mikono huku jua zuri la kukaushia likitupita.

Fundi wetu alipendekeza tufunge kiungio cha mwendo mmoja kwenye shafti, yaani kile kinachoiruhusu mashine iendelee kuzunguka bila kuisukuma trekta. Tulikifunga, na msukumo ukaisha kabisa. Hata hivyo tatizo la pili lilibaki palepale, kwa sababu kila dereva anapokanyaga klachi ili asimame au abadili gia, mashine nayo inakosa nguvu, na inaikosa wakati uleule ambapo inahitaji kumaliza kumeza majani yaliyokwisha kuingia ndani. Kwa hiyo kamati iliweka sharti la kwanza kwamba trekta mpya iwe na PTO inayojitegemea, yenye klachi yake, ili magurudumu yaweze kusimama huku mashine ikiendelea kushindilia kwa kasi yake kamili. Jambo hili si geni duniani. Kampuni ya Cockshutt ya Kanada ilikuwa ikiuza trekta yake ya Model 30 yenye PTO ya namna hiyo tangu miaka ya 1940. Klachi ya hatua mbili, ambayo ikikanyagwa nusu husimamisha magurudumu na ikikanyagwa hadi mwisho husimamisha na PTO, tuliihesabu kuwa inafaa pia, ingawa inamdai dereva mguu wenye subira siku nzima.

Sharti la pili lilihusu nguvu, na hapa ndipo mijadala ya wanachama ilipokuwa mikali. Swali lililoulizwa kila mara ni moja: nguvu farasi ngapi zinatosha? Jibu linategemea kwanza nguvu ipi inayohesabiwa, kwa kuwa namba inayobandikwa kwenye boneti mara nyingi ni ya injini, na katika safari ya kutoka injini hadi shafti ya PTO kiasi cha asilimia 10 hadi 15 hupotea. Mashine ya ukubwa wa hii yetu inaweza kuendeshwa na nguvu farasi 35 kwenye PTO ikiwa shamba ni tambarare, safu ni za wastani na marobota yanaachwa chini. Mkilima mlimani, au mkivuta na tela ya marobota nyuma ya mashine kama tunavyofanya sisi, namba hiyo inakuwa ndogo, na kamati iliona kwamba 45 hadi 55 kwenye PTO ndiyo inayotufaa. Kwa kila trekta tuliyoifikiria tulitafuta kwanza ripoti ya majaribio rasmi, ama ya Nebraska huko Marekani, ambako matrekta yamekuwa yakipimwa tangu mwaka 1920, au ya mfumo wa OECD, shirika la nchi mbalimbali la ushirikiano wa kiuchumi, ulioanza mwaka 1959, kwa sababu ripoti hizo hutaja nguvu iliyopimwa kwenye PTO yenyewe, na mnunuzi akiwa nayo hana haja ya kubishana na kipeperushi cha muuzaji.

Nguvu, hata hivyo, si jambo lililonikosesha usingizi. Lililonikosesha usingizi ni uzito. Pistoni ya mashine hushindilia kiasi cha mara 80 kwa dakika, na kila pigo husukuma na kuvuta trekta mbele na nyuma kupitia chuma cha kuvutia. Trekta ya kwanza tuliyoijaribu ilikuwa na nguvu ya kutosha kwa karatasi, nayo ilikuwa ndogo na nyepesi, haifiki kilo 1,300. Baada ya nusu saa dereva wetu alishuka akiwa ameshika kiuno, kwa kuwa alikuwa ametikiswa bila kupumzika kama mtu aliyepanda punda anayekataa kwenda. Hilo lingevumilika. Lisilovumilika ni mteremko. Fanyeni hesabu pamoja nami: mashine ya kufungia ina kilo kama 1,500, marobota 100 ya kilo 20 kila moja ni kilo 2,000, na tela lenyewe ni kilo 1,000 au zaidi. Hizo ni kilo 4,500 zikimsukuma dereva mgongoni anaposhuka, na trekta ya kilo 1,300 haina breki wala mshiko wa kuzizuia majani yakiwa yanateleza chini ya matairi. Tuliacha kuijaribu trekta hiyo siku ileile, kabla hatujafika kwenye shamba la mlimani, na ninaamini tulifanya vyema.

Sharti la tatu ni gia, nalo nataka nilieleze kwa kirefu kwa sababu ndilo linaloamua ubora wa robota. Mashine inataka shafti izunguke mara 540 kwa dakika wakati wote, kwa hiyo dereva hana ruhusa ya kupunguza mafuta ili aende polepole. Akipunguza, pistoni nayo inapunguza mapigo na mafundo yanaanza kukosea. Kasi ya kutembea lazima ibadilishwe kwa gia pekee. Safu ikiwa nene anatakiwa aende kilomita 3 kwa saa, ikiwa nyembamba aende 6 au 7, na mabadiliko hayo hutokea ndani ya shamba moja. Trekta ya pili tuliyoijaribu ilikuwa nzito na yenye PTO nzuri, lakini injini ikiwa kwenye mzunguko wa kazi, gia yake moja ilikwenda kilomita 3 na iliyofuata ikaruka hadi 6 na kitu. Katikati hapakuwa na kitu. Dereva alichagua ile ya haraka, kama ambavyo dereva yeyote mwenye shamba kubwa mbele yake angechagua.

Jioni nilikata kamba za marobota mawili, moja la gia ya polepole na lingine la gia ya haraka, yote yakiwa na urefu wa karibu sentimita 90. La kwanza lilifunguka kama kitabu, na nikahesabu tabaka 14, yaani moja kwa kila pigo la pistoni, kila moja likiwa na unene wa vidole vitatu au vinne, mbili zikitosha kuokotwa kwa mkono mmoja. La pili lilikuwa na tabaka 7 tu, nene na zisizo sawa, upande mmoja umebana na mwingine umelegea, na ndiyo maana lilikuwa limepinda kama ndizi hata kabla ya kukatwa kamba. Robota la namna hiyo halipangiki kwenye ghala, na kamba yake hulegea likibebwa. Tangu siku hiyo kamati iliamua kwamba hatutachukua trekta isiyo na angalau gia nne kati ya kilomita 2 na 8 kwa saa, PTO ikiwa kwenye 540.

Kuhusu kiungio cha nyuma nitasema kwa ufupi. Mashine ya kuvutwa inapaswa kufungwa kwenye chuma cha kuvutia kilichokazwa katikati kisicheze, wala isifungwe kwenye mikono ya haidroliki inayopanda na kushuka, kwa maana ikipanda pembe za shafti hubadilika na viungo vyake huvunjika. Umbali kutoka ncha ya shafti ya PTO hadi tundu la pini, kwa mwendo wa 540, ni milimita 356, na tulikwenda na futi ya chuma kuupima kwenye kila trekta. Haidroliki, taa na rejeta vilikaguliwa vyote; kwenye rejeta tulitazama kama wavu wake unachomoka kwa urahisi, kwa kuwa vumbi la hei huuziba upesi na injini ikachemka.

Wanachama kadhaa waliandika kupendekeza kwamba tungechukua trekta kubwa zaidi, ya nguvu farasi 90 au 100, ili itufae pia kwa kulima. Kamati ililipokea wazo hilo kwa heshima na kulijadili katika vikao viwili. Tulilikataa kwa sababu zinazohusu kufunga marobota. Matairi yake ni mapana kiasi kwamba yangekanyaga ukingo wa safu tunayoifunga, au ile ya pembeni ambayo bado haijafungwa, na majani yaliyokanyagwa hayaokotwi vizuri. Uzito wake hushindilia udongo wa shamba ambalo nyasi zake zinatakiwa kuchipua tena. Isitoshe, trekta yenye nguvu nyingi haimwonyeshi dereva dalili wakati mashine inapoelemewa; injini haibadilishi sauti, na taarifa ya kwanza anayoipata ni boliti kukatika. Baadhi ya matrekta makubwa pia yana shafti ya meno 21 inayozunguka mara 1,000 kwa dakika, na mashine yetu imeundwa kwa shafti ya meno 6 na mizunguko 540. Naomba ieleweke kwamba chama hakitaruhusu mtu yeyote kuunganisha viwili hivyo kwa kifaa cha kubahatisha.

Trekta iliyochaguliwa ni ya tatu kati ya zile tulizozijaribu. Injini yake ina nguvu farasi 60, na kwenye PTO ni karibu 50. Uzito wake pamoja na vyuma vya mbele unakaribia kilo 2,600. PTO yake inajitegemea na huwashwa kwa wenzo wake, taratibu, bila kuishtua flaiwili. Ina gia tano katika kasi tunayoihitaji, na ina fremu ya kumlinda dereva trekta ikipinduka pamoja na mkanda wa kiti. Ilifunga shamba la mlimani, tela ikiwa imejaa, na dereva akaniambia kwamba kwa mara ya kwanza aliweza kusimama mbele ya rundo, akaiacha mashine imalize, kisha akaendelea. Tulikuwa tumeipima hei asubuhi ikiwa na unyevu wa juu ya asilimia 20, tukasubiri hadi ilipofika chini ya 18, na bado tulimaliza kabla ya umande wa jioni. Msimu uliopita shamba hilohilo lilituchukua siku mbili, na marobota ya siku ya pili yaliota ukungu.

Trekta nzuri haimlindi mtu asiyeshuka kwa utaratibu, kwa hiyo kamati imepitisha kanuni ambazo zinaanza kutumika mara moja. Hakuna atakayeshuka kwenye kiti PTO ikiwa inazunguka, hata kwa sekunde moja, hata kuondoa jani moja. Shafti ambayo kifuniko chake kimepasuka haitafungwa kwenye trekta. Shafti hiyo huzunguka mara 9 kila sekunde, na mkono wa shati ukinaswa, mwenye shati hana muda wa kupiga kelele. Kabla ya kugusa vifaa vya kupiga fundo dereva atazima injini, atachomoa ufunguo, na atasubiri hadi flaiwili isimame kabisa, kwa maana inaendelea kuzunguka kwa muda baada ya injini kunyamaza.

Kamati inaomba mkutano huu uridhie mambo mawili. La kwanza ni kwamba trekta hii itumike kwa mashine ya kufungia na tela yake peke yake wakati wote wa msimu wa hei, na isiazimwe kwa kazi nyingine hadi robota la mwisho liingie ghalani. La pili ni kwamba kila dereva, pamoja na wale wenye uzoefu wa miaka mingi, afunge marobota 20 chini ya uangalizi wa fundi kabla ya msimu kuanza, akate kamba za mawili kati ya hayo, na ahesabu tabaka zake mbele ya wenzake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti